Vizibo vya Vumbi na Kompyuta ya Mwalimu Halima

Nilitoka nyumbani Timau asubuhi moja nikiwa na miaka kumi na tisa, bila mpango wowote, nikapanda lori la kabichi lililokuwa likishuka kuelekea kaskazini. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la saba, baada ya kuifungua saa ya ukutani ya mwalimu mkuu nione kinachoisukuma mishale, nisiweze kuirudisha ilivyokuwa. Dereva aliniuliza naenda wapi. Nikamwambia, unakoenda wewe. Alikuwa anakwenda Moyale. Tulipofika Isiolo redio ya lori ikanyamaza, na yule dereva hakuwa mtu wa kukabili njia ile bila redio. Akasimama kwenye kibanda cha fundi.

Mezani pa fundi kulikuwa na redio nyingine, kubwa, imefunguliwa tumbo. Niliinama kuitazama. Nyaya, vidude vya rangi rangi kama shanga, sumaku ya spika yenye ukubwa wa sahani. Nilipoinua kichwa, lori lilikuwa limeshaondoka na redio yake iliyopona, na mimi nimebaki na mfuko wa plastiki wenye shati moja.

"Wewe si wa lile lori?" fundi akaniuliza. Alikuwa mzee Mborana, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Jina lake Wario.

"Nilikuwa."

"Na sasa?"

"Hii waya nyekundu inaenda wapi?"

Alicheka hadi miwani ikateleza. "Kaa," akasema. "Lakini ukigusa kabla ya kuuliza, nakukata mkono."

Basi ninyi mnaoshika bisibisi sasa, mnaoniuliza kila mara kazi hii niliisomea chuo gani, chuo ndicho hicho. Hakikuwa na cheti wala mlango.

Fundi Wario alinifundisha mambo mengi, lakini yaliyonikaa kichwani ni mawili. La kwanza: kabla hujafungua kitu cha mtu, muulize mwenyewe. Alisikia nini, alikiweka wapi, nani alikigusa. "Yeye amelala na hiyo redio miaka mitano," alikuwa akisema. "Wewe umeiona leo, na tayari unajifanya mjuaji." La pili: ukimaliza, ziba kila tundu. Mnaujua upepo wa Isiolo. Unatoka upande wa soko la mifugo umebeba nusu ya soko. Wario alikuwa anaziba matundu yote yasiyotumika ya redio kwa nta na kipande cha kitambaa, na redio zake zilidumu hadi wenye redio wakachoka nazo.

Hilo la pili nililishika maisha yangu yote. La kwanza nilianza kulisahau watu walipoanza kuniita fundi mkubwa, na sitalificha hapa.

Niliondoka Isiolo mara tatu. Nilikwenda Marsabit, nikaenda Maralal, nikakaa Wajir mwaka mzima nikitengeneza jenereta, kwa sababu tu sikuwahi kuiona jenereta kwa ndani. Kila mara nilirudi. Mara ya tatu niliporudi nilikuta Wario ameshazikwa, na jirani akanipa koleo lake: mkono mmoja mwekundu, wa pili umezungushiwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Ninalo hadi leo. Nimeona makoleo yanayong'aa kutoka Nairobi yakivunjika meno kwa kukata msumari. Hili bado linauma.

Redio zilipoisha zikaja kaseti, zikaja televisheni, zikaja simu, kisha kompyuta. Kompyuta mpya watu wetu hawakuweza kununua, lakini miradi ya wafadhili ilikuwa inakuja na kwisha, na kila mradi ukiisha uliacha chumba cha mashine zilizokufa. Mimi nilizinunua kama vyuma chakavu, nikachukua ubao mkuu wa hii, yaani madabodi, pawa ya ile, kasha la nyingine, nikaunda kompyuta moja iliyo hai kutoka kwa maiti nne. Hizo ndizo kompyuta za kuunga. Kibanda changu pale mtaa wa Chechelesi, Isiolo, kilizitoa nyingi: zikaenda Kinna, Garbatulla, Merti, hata kwenye boma moja ambapo kompyuta ilikaa pamoja na mbuzi wachanga. Hazikuwa na jina la kampuni mbele. Mahali pa jina palikuwa na tundu la bisibisi.

Na kila moja niliizibia vumbi. Hapa nisikilizeni vizuri. Mbele ya kasha la kompyuta kuna tundu dogo la hedifoni. Nta haifai hapo, inayeyuka. Nikagundua kwamba pini ya hedifoni iliyokufa, ukiikata waya, inaingia kwenye tundu lile sawasawa kama imezaliwa humo. Nilikuwa naikata, naipiga msasa hadi ilingane na kasha, naitia tone la gundi na rangi nyeusi juu. Usingejua kama kuna tundu. Nilijivunia ubunifu huo kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya. Tatizo moja dogo lilikuwepo: kompyuta ikiona pini mbele hudhani mtu amevaa hedifoni, na hunyamazisha spika za nyuma. Lakini draiva ya zamani, yaani ile programu ndogo inayoifundisha kompyuta kutumia kifaa chake cha sauti, ilikuwa na mahali pa kuweka alama ili isijali tundu la mbele. Nikaweka alama, nikasahau. Niliweka na kusahau kwenye kila mashine.

Kompyuta niliyoipenda zaidi niliiunda kwa ajili ya Mwalimu Halima wa Garbatulla. Halima alifundisha darasa la sita kwa miaka mingi, kisha ugonjwa wa presha ya macho ukamchukua jicho moja, na mwaka uliofuata la pili. Hakuacha kufundisha. Nilimwekea programu inayosoma kwa sauti kila kilichoko kwenye kioo, naye akajifunza kibodi kwa vidole haraka kuliko wengi wenu mnavyojifunza kwa macho. Akaandaa masomo yake, akatunga mitihani yake mwenyewe. Kitu kimoja tu kilimkera.

"Fundi, huyu mwanamume wako wa ndani anasema Jillo kama anatafuna mfupa," aliniambia.

Basi akamfundisha. Jina moja moja, kila mtoto aliyepita darasani mwake: Jillo, Guyo, Dhaki, Boru. Aliandika namna ya kutamka hadi ile sauti ya puani ikayasema majina kama mtu aliyezaliwa Garbatulla. Kazi ya miaka saba ilikuwa mle ndani.

Sasa niseme kuhusu apdeti, yaani programu mpya zinazojipakua zenyewe mtandaoni, na mniwie radhi nikipandisha sauti. Mtu akiingia nyumbani kwako ukiwa umelala, akahamisha kitanda, akabadilisha kufuli, kisha akaacha karatasi mlangoni inayosema "tumekuboreshea," utamwitaje? Mimi ninalo jina lake kwa Kiswahili, kwa Kimeru na kwa Kiborana, na hakuna hata moja linaloandikika. Kompyuta ya Halima ilishika mtandao wa simu yake Jumatatu moja, ikajiapdeti bila kumwomba ruhusa, ikajizima na kujiwasha. Jumanne asubuhi akanipigia.

"Fundi, kompyuta imekufa."

"Haiwaki?"

"Inawaka. Feni naisikia. Lakini haisemi."

Kwako wewe na mimi, kompyuta isiyo na sauti ni kero, huwezi kucheza nyimbo. Kwa Halima ni kioo kilichozimika. Na mwalimu mkuu wake, aliyekuja mwaka huo, alikuwa ameshamwambia karatasi za mtihani wa kufunga muhula ziwe mezani kwake Ijumaa mchana. Zisipofika, ataandika barua kwamba afya ya mwalimu hairuhusu tena kazi. Alilisema kwa upole sana, na upole wa namna hiyo ndio unaonichemsha damu.

"Si mwalimu mwingine akutungie mara hii moja?" nikamuuliza.

"Akinitungia mwingine mtihani muhula huu," akasema, "muhula ujao atanifundishia darasa. Njoo, Fundi."

Kabla ya kwenda nilitaka kujua ninachokwenda kupigana nacho. Nikapiga namba ya msaada ya wale walioleta apdeti. Baada ya muziki mrefu akaja binti mwenye adabu.

"Kompyuta yako ni ya kampuni gani?"

"Si ya kampuni. Ni ya kuunga."

"Basi tafadhali wasiliana na aliyeitengeneza."

"Ndiye anayeongea nawe."

Nikasikia karatasi ikigeuzwa. Kisha: "Sawa, bwana. Tunakushauri uwasiliane na mtengenezaji."

Simlaumu yule binti, alikuwa anasoma karatasi. Nawalaumu walioiandika karatasi. Wao katika hesabu yao kompyuta ni kitu kinachonunuliwa kikiwa ndani ya boksi, na asiye na boksi hayupo duniani. Nikawatafuta waliotengeneza kile kidude cha sauti. Wao waliandika kwamba kimezeeka, hawakishughulikii tena. Kimezeeka! Jumapili kilikuwa kinasema "Dhaki" kwa lafudhi safi.

Mbele ya kibanda changu kulikuwa na kibanda cha Kimathi, fundi kijana, mikono mepesi, na mdomo mwepesi zaidi. Alinisikia nikigombana na simu.

"Mzee wangu, unajitesa bure. Futa yote, weka mfumo upya. Saa moja, umemaliza."

"Na vitu vyake?"

"Si ataandika vingine?"

"Miaka saba, Kimathi."

"Basi ataanza mapema."

Wengi wenu mnafanya hivyo, na ndiyo maana naandika haya. Kufuta kila kitu kwa sababu hujui kilichoharibika si ufundi. Ni kuchinja ng'ombe kwa sababu ana kupe, kisha kumdai mwenye ng'ombe ahsante.

Alhamisi nilipata nafasi kwenye pikapu ya unga iliyokuwa ikienda Garbatulla. Barabara ile mnaijua. Nilifika adhuhuri nikiwa mweupe kwa vumbi, na Halima akacheka mlangoni kwa sababu alinisikia nikikohoa kabla sijabisha.

"Salaam aleikum, Fundi. Umekuja wewe na barabara yote?"

Nilianza na yale mnayoyajua wote, na msione haya kuanza nayo. Sauti haikuwa imefungwa. Waya wa spika ulikuwa mahali pake. Spika zenyewe nilizijaribu kwa simu yangu, zikanguruma hadi kuku wakakimbia uani. Kwenye mipangilio kulikuwa na kifaa kimoja tu cha sauti, kimeandikwa Spika, na kando yake ule mstari wa kijani ulikuwa unapanda na kushuka. Kompyuta ilikuwa inaongea. Sikujua inaongea na nani.

Nikajaribu kurudisha draiva ya zamani. Kile kitufe cha kurudisha kilikuwa kimefifia, hakibonyezeki. Apdeti ilikuwa imeitupa ile ya zamani na kuweka ya kwake. Nikaweka nyingine kutoka kwenye flashi yangu. Ikakubali, ikajiwasha upya, na kabla sijamaliza chai ikarudisha ileile ya kwake. Nikaiweka tena, ikaitoa tena. Hapo nikaitukana ile mashine, yenyewe na mama yake.

"Polepole, Fundi," Halima akasema. "Mama yake ni wewe."

Sikucheka. Alasiri ilikuwa imefika. Nikaendesha hata ile programu ya kompyuta inayojidai kutafuta tatizo yenyewe, ambayo katika maisha yangu yote sijaiona ikitafuta kitu ikakipata. Nikawa nimeshika flashi ya pili, yenye mfumo mzima, dawa ya Kimathi, nikiizungusha mkononi.

"Unajua," Halima akasema, "tangu uingie hujaniuliza hata swali moja."

"Swali gani?"

"Lolote. Mimi ndiye ninayekaa na hii kitu."

Nilimsikia Wario, na nikaona aibu, na kwa kuwa niliona aibu nikauliza kwa ukali. "Haya. Ulisikia nini siku hiyo?"

"Ilipowaka ilisema maneno mawili. Halafu ikatoa mlio, tik, mdogo sana. Simu yangu hufanya hivyo nikiichomekea hedifoni. Halafu kimya. Simu ikifanya hivyo najua sauti imekwenda masikioni. Sasa hii imekwenda wapi?"

"Mwalimu, hapa hakuna hedifoni."

Akanyoosha mkono, akapapasa kasha kuanzia juu, taratibu, kama anavyopapasa uso wa mtoto mgeni darasani. Kidole kikasimama mbele, chini ya kitufe cha kuwashia.

"Na hiki ni nini?"

"Hicho ni kizibo cha vumbi."

"Umekitengeneza na nini?"

Niliirudisha flashi mfukoni, nikapiga magoti mbele ya kasha.

Draiva mpya haikujua lolote kuhusu ile alama niliyoiweka miaka saba nyuma. Iliona pini kwenye tundu la mbele, ikafanya kama ilivyofundishwa: ikanyamazisha spika na kupeleka sauti yote kwenye hedifoni. Na kwa kuwa mashine zile huita vyote viwili Spika, kioo kilinionyesha kwamba mambo ni shwari.

"Kwa hiyo imekuwa ikinisomea siku zote hizi," Halima akasema polepole, "kwenye masikio ya mtu asiyekuwepo."

Nilitoa koleo la Wario. Gundi yangu ilikuwa imara, kwa bahati mbaya. Nilikwangua rangi, nikashika ule ukingo mdogo, nikavuta mara tatu. Pini ikatoka, na ile sauti ya puani ikajaza chumba, ikisoma kilichokuwa kimebaki kwenye kioo kutoka kwa ile programu ya kutafuta matatizo:

"Hakuna tatizo lililopatikana."

Halima alicheka hadi akajifuta machozi kwa mtandio. Kisha akakaa kitini, akanisukuma kwa kiwiko, akaanza kuandika. Aliiomba isome orodha ya darasa. Iliposema Jillo, sawasawa, aliirudisha iliseme jina hilo tena, halafu akaendelea. Ijumaa saa nne asubuhi karatasi zilikuwa mezani pa mwalimu mkuu. Nilimsindikiza.

"Hongera, Mwalimu," mwalimu mkuu akasema. "Lakini hiyo mashine ikikataa tena?"

"Haikukataa," Halima akamjibu. "Ilizibwa mdomo. Aliyeiziba huyu hapa, na ameshazibua."

Barua haikuandikwa. Darasa la sita bado ni lake.

Nilipokuwa nangoja gari la kurudi, nikiwa bado nawalaani wenye apdeti, wenye kidude na wenye karatasi, Halima aliuliza kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na zile nyingine?"

"Zipi?"

"Ulizoziba."

Ghadhabu yangu yote ilikuwa imeelekea Nairobi na ng'ambo, na sasa ikageuka kama lori kwenye njia nyembamba. Maana nilikumbuka. Mwaka huo watu kadhaa walikuwa wameniletea kompyuta zangu mwenyewe zilizonyamaza, na mimi, fundi mkubwa, nilizitazama bila kuuliza swali nikasema kidude cha sauti kimeungua. Wengine walikwenda kwa Kimathi, akawafutia kila kitu, bado zikabaki kimya, kwa sababu pini haifutiki. Na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni kule Merti, ambaye kompyuta yake niliituma kwa gari bila kuonana naye, alinipigia simu mara mbili. Alikuwa akiwawekea kina mama mawaidha ya Ijumaa kwa kompyuta yake. Nilimwambia kwenye simu, bila kuiona: imezeeka, achana nayo. Neno lilelile la wale wenye kidude.

Walioleta apdeti bila kubisha hodi walikosa, na nitalisema hadi nizikwe. Lakini wao hawakuja Chechelesi kutia gundi.

Nilirudi Isiolo, nikamwachia Kimathi kibanda na vyote vilivyomo isipokuwa koleo. Nilimwekea sharti moja, kwamba amuulize mwenye kitu kabla ya kugusa. "Na nisipouliza?" akanitania. "Nakukata mkono," nikamwambia. Kustaafu kwangu ndiko huko, hakukuwa na keki. Kesho yake nilisimama kwenye kituo cha malori, dereva akaniuliza naenda wapi, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa na jibu.

Merti nilifika jua likianza kulegea. Nyumba ya wageni iko karibu na msikiti, ukuta wa bluu. Kaunta ilikuwa na mama mnene mwenye miwani, na pembeni yake kitu cha mraba kimefunikwa leso, juu yake birika na vikombe.

"Salaam aleikum, Mama."

"Aleikum salaam. Karibu. Unataka chumba?"

"Chumba. Na kama hutajali, nione hiyo kompyuta."

"Hiyo?" Akasogeza birika. "Hiyo imekwisha. Haina sauti. Fundi wa Isiolo mwenyewe aliniambia imezeeka."

"Fundi huyo ni mjinga."

"We!" akanikemea. "Usimtukane mtu hayupo. Yule ndiye aliyeiunda kwa mikono yake. Ni mtu mzuri, hata kwenye simu alinijibu vizuri. Wewe unamjua?"

"Namjua kidogo."

"Basi heshimu watu," akasema, akaweka ufunguo wa chumba namba tatu mbele yangu, bado amekunja uso kwa ajili ya yule fundi wake. "Utakaa siku ngapi?"

"Merti mna kompyuta ngapi za kuunga?"

Akaanza kufikiri, akihesabu kwa vidole. Niliweka mkoba chini, nikaondoa birika, vikombe na leso, nikatoa koleo.

"Kabla sijagusa, Mama," nikamwambia, "hebu nieleze. Siku iliponyamaza, ulisikia nini?"